IST, Passo au Premio kwa Mkolani–Sengerema kila siku? Nina milioni 13, naombeni ushauri

mama_wa_ngambo

Habari za jioni wakuu, kaka zangu na dada zangu. Naombeni ushauri wa gari, na mnivumilie maana nitaandika mrefu kidogo.

Naishi Mkolani hapa Mwanza, kazi yangu iko Sengerema, ng'ambo ya ziwa. Miaka minne sasa nimepanga chumba kule ng'ambo, nyumbani narudi Ijumaa jioni naondoka Jumapili, watoto wawili wanalelewa na bibi yao. Enzi za kivuko hakukuwa na namna nyingine, kuna siku nilifika Busisi saa kumi na moja jioni nikavuka saa mbili usiku, sasa hiyo utaifanya kila siku? Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi wa sita 2025 wenzangu kazini wameanza kwenda na kurudi, na mi nimeamua nirudi kulala kwangu. Mwanangu wa mwisho yuko darasa la kwanza, nataka madaftari yake niyakague mwenyewe sio kusomewa kwenye simu.

Kutoka getini kwangu mpaka kazini ni kama km 50, kwaiyo 100 kwa siku, siku 22 za mwezi. Lami mwanzo mwisho isipokuwa kile kipande cha kupanda nyumbani, Mkolani mnaijua, mawe na vumbi na mlima umesimama.

Hela ni milioni 13. Tisa ni akiba yangu na nne ni mkopo wa saccos. Nyuma ya hapo hakuna kitu kingine.

Nilizoonyeshwa mpaka sasa ni IST namba D milioni 12 na nusu, dalali anasema ni ya cc 1500 na imetembea kilomita 88,000 tu. Kuna Passo namba D milioni 8.8. Kuna Premio ya zamani cc 1800 namba C milioni 11. Kuna Probox ya mtu wa Kirumba milioni 10. Halafu shemeji yangu amekomaa nichukue Mark II Grand ya milioni 9, anasema kwa safari ndefu hiyo ndo inatulia barabarani.

Naomba mniambie ipi itahimili hiyo ruti bila kuniacha njiani, maana natembea alfajiri na jioni, na mara nyingi niko peke yangu. Na je hii habari ya namba D ni ya kuilipia kweli? Kila mtu ananiambia usinunue namba C.

kisesa_boy

Dada pole na hongera kwa uamuzi. Mi natoka Magu naingia Nyakato kila siku na Passo, mwaka wa tatu huu, kwaiyo naongea kitu ninachokiishi.

Mafuta iko vizuri sana, nikienda taratibu peke yangu napata km 17 mpaka 18 kwa lita. Spea rahisi. Ila nikuambie ukweli wake, hii ya kwangu ni KGC10, cc 1000 silinda tatu, nikiwa peke yangu haina shida, nikipakia watu wanne na AC nimewasha ile kupita lori inakuwa ni maombi. Unakanyaga, inalia, lori bado liko pembeni yako. Na ruti yako wewe ina malori kuliko yangu, yale ya kutoka Mwanza kwenda Geita na Bukoba yanapita hapo hapo Usagara yanashuka Kigongo. Upepo wa ziwani nao ukipiga pale juu darajani mchana kagari kepesi unausikia kwenye usukani, sio wa kutisha lakini unausikia.

Kama utakuwa unabeba wenzako wachangie mafuta, na mi nakushauri ufanye hivyo, basi Passo ya cc 1000 iache. Kuna ya cc 1300, kwenye kibati cha chesisi imeandikwa QNC10, hiyo angalau.

mwl_usagara

Namba D usiilipie hata mia. Ile herufi inakwambia gari iliandikishwa lini hapa Tanzania, haikwambii ilitengenezwa lini. IST ya 2004 ikiingia nchini 2017 inapewa namba D, na nyingine ya mwaka huo huo wa 2004 ilishaingia zamani ina namba C. Zote zina umri mmoja, tofauti ni kwamba moja imeteseka Japani miaka mingi zaidi na nyingine imeteseka hapa. Soma mwaka kwenye kadi, na angalia zile lebo za mikanda ya viti pale chini inapotokea, mara nyingi zina mwaka wa kutengenezwa. Mikanda ikiwa na mwaka mmoja na kadi mwaka mwingine, uliza.

Nikupe na yangu mama ujifunze bila kulipa. Mwaka juzi nilinunua Premio kwenye yadi moja hapa mjini, sitaitaja. Imesuguliwa inang'aa, ndani wameweka zile kava mpya na marashi, kilomita 79,000. Nikaendesha raundi moja mjini nikalipa. Wiki ya tatu natoka Misungwi mshale wa joto ukapanda, nikasimama, maji yote yamekwisha. Fundi kufungua, gasketi ya silinda hedi imeungua na hedi yenyewe imeshawahi kuchongwa huko nyuma. Kwenye pedali ya breki ile raba ya chini ilikuwa mpya kabisa, raba mpya kwenye gari ya kilomita 79,000 ya nini? Niliiona siku nanunua nikapita. Matengenezo yalikula milioni 1 na laki 9, nikakaa wiki tano kwenye daladala. Nilirudi kwao wakasema ukishatoka getini gari ni yako. Iliniuma sana maana nilikuwa nimeuza kiwanja.

Kwaiyo kabla hujauliza ipi kati ya IST na Premio, mpate fundi wako mwenyewe, asiwe wa dalali, asiwe rafiki wa muuzaji, umlipe wewe.

fundi_toyota_nyakato

Mwangaluka mama. Mi ni fundi, gereji iko huku Nyakato, miaka 16 nashika hizi Toyota ndogo, nimeona swali lako nikaona nisipite maana watu wengi wananunua gari ya kwenda sokoni halafu wanaipeleka safari kila siku wanashangaa inakufa.

Kwanza jua kazi unayoipa. Km 100 kwa siku 22 ni 2,200 kwa mwezi, kwa mwaka unavuka 26,000. Hiyo ni oili kila miezi miwili na wiki moja hivi kama unafata 5,000. Mtu wa ofisini mjini anabadilisha mara mbili kwa mwaka. Ila usiogope, safari ndefu ya mwendo mmoja haiumizi injini kama foleni ya Igoma, injini inapata joto lake sawasawa, gia inashika moja inatulia. Kinachoua gari za safari ni maji na oili, yan ukiniuliza gari kumi zinazoletwa hapa zimevutwa na kamba kutoka njia kuu nyingi kati ya hizo ni joto.

Sasa kwa hizo ulizoonyeshwa. Mark II Grand GX110 ni gari nzuri sana shemeji yako hajakosea, inatulia kweli, lakini ina silinda sita cc 2000, kwa umri wake sa hivi ukipata 9 kwa lita shukuru. Tuchukulie lita ni sh 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, EWURA wanabadilisha bei kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. IST cc 1500 ikiwa nzima inakupa 14 njia kuu, hiyo ni kama 471,000 kwa mwezi. Grand ni kama 733,000. Tofauti laki mbili na sitini kila mwezi, kwa mwaka zaidi ya milioni 3, zile milioni ulizookoa kwenye kununua zimeishia sheli. Na ina taimingi belti, mwenye gari hajui ilibadilishwa lini, hiyo ni gharama ya mwezi wa kwanza.

Premio ya 1800 ya umbo la zamani ina injini ya 1ZZ. Zile za miaka ya mwanzo zina sifa ya kula oili, matundu ya kurudisha oili kwenye pistoni ni madogo yanaziba, oili inabaki juu inaungua. Sio zote, lakini wewe unayetembea kilomita 2,200 kwa mwezi ukikuta moja inayokula lita kila kilomita elfu utakuwa unatembea na galoni kwenye buti. Kama ni Premio au Allion tafuta ya 1500, chesisi inaanza na NZT240. Ile ya cc 2000 ya D4, AZT240, usiiguse, kwanza ina CVT, gia otomatiki ya mkanda, halafu ule mfumo wake wa kupuliza petroli moja kwa moja kwenye silinda sio wa kubahatisha nao.

IST, Probox, Runx na Premio, zile za 1500, hizo zote zimebeba injini moja, 1NZ. Ina cheni sio belti. Spea zake Mwanza hapa unapata mchana huo huo, hata ikikufia Sengerema kuna kijana ataishika. Ndo maana mi nakusukuma kwenye familia hiyo, sio kwa sababu ya jina.

Ukienda kuiona nenda alfajiri, na mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Weka mkono kwenye boneti, ikiwa ya moto ameshaipasha anaficha kitu, kuwaka kwa baridi ndo kunasema ukweli. Fungua rejeta ikiwa ya baridi, maji yakiwa kama chai ya rangi wamekuwa wakijaza ya bombani miaka yote ndani kuna kutu. Fungua mfuniko wa oili, ukikuta utando mweupe kama uji, funga ondoka usijadili bei. Kisha washa, mtu mmoja akae nyuma aangalie moshi, wa bluu ni oili.

Halafu thamostati. Hiki kitu naomba mkielewe wote humu. Gari ikichemsha mafundi wengi wanatoa thamostati wanaitupa, gari inapoa mteja anafurahi. Lakini injini bila thamostati haifikii joto lake, kompyuta inadhani bado ni baridi inaendelea kuongeza petroli, unakula mafuta na injini inachakaa. Na kilichosababisha kuchemsha bado kipo. Kupima ni rahisi, gari iwashwe ikiwa baridi, shika bomba la chini la rejeta, likiwa na thamostati linakaa baridi dakika kadhaa halafu ghafla linakuwa la moto. Likipanda pole pole tangu mwanzo imetolewa. Hapo muulize muuzaji ilichemsha lini. Angalia na feni, kama imeungwa moja kwa moja inazunguka tu muda wote ukiwasha switchi, ni hadithi ile ile.

Gia boksi, weka D kutoka P mguu kwenye breki, ikichelewa kushika au ikipiga teke, iache. Panda nayo huo mlima wa kwenu, usikubali kuzungushwa kwenye tambarare.

Na usimalize milioni 13 kwenye gari. Baki na milioni 1 na nusu kwa uchache. Oili, filta, oili ya gia, kulanti, plagi, belti ya nje, breki padi, ikibidi na taili mbili. Gari ya mkononi yoyote ile, hata aliyokuwa nayo padre, mwezi wa kwanza inadai.

mwaloni_kirumba

Naongezea kwenye hiyo Probox. Mi nimekulia mwaloni hapa Kirumba na Probox za huku nazijua. Nyingi zimebeba dagaa na masanduku ya sangara yenye barafu, yale maji yanashuka chini ya kapeti yanakaa humo. Inua kapeti ya nyuma, inua na sehemu ya taili ya akiba, bonyeza bati kwa kidole gumba. Nimeshaona sakafu inabonyea. Harufu watakuwa wameosha lakini funga vioo juani nusu saa halafu ufungue.

Na kama haikubeba samaki basi imepiga mchomoko. Watu tisa kila safari kwenda Magu au Sengerema yenyewe. Angalia nyuma imekaa chini au wameongeza kitu kwenye springi. Probox ni chuma na mi naipenda, lakini ya kwako iwe ya mtu binafsi, ambayo huku ni chache.

mama_wa_ngambo

Asanteni sana, sikutegemea. Mwalimu pole kwa kiwanja chako, imenigusa.

Leo nilienda kuona ile IST ya milioni 12 na nusu, kabla sijamchukua fundi nikaona niangalie kwanza kile kibati mlichosema. Imeandikwa NCP60. Nikamuuliza dalali hii ndo 1500? Akasema ndiyo mama, IST zote ni 1500. Ni kweli?

fundi_toyota_nyakato

Sio kweli. NCP60 ni cc 1300. NCP61 ndo 1500, na NCP65 ni 1500 inayovuta miguu yote minne, hiyo nayo kwa lami ya Sengerema huihitaji inakula zaidi. 1300 sio mbaya, ni ndugu yake 1NZ, lakini milioni 12 na nusu ni bei ya 1500 tena iliyonyooka. Na mtu akikudanganya kitu kilichoandikwa kwenye kibati, zile kilomita 88,000 ambazo hazijaandikwa popote unaziaminije.

kisesa_boy

Hapo umeokoka. Mwambie asante ondoka.

dada_buhongwa

Hamjambo. Wakati mnaangalia injini angalieni na makaratasi, mimi hilo ndo lilinikuta. Jina kwenye kadi lifanane na kitambulisho cha anayekuuzia, na kadi iwe halisi mkononi, sio kopi na sio "kadi iko kwa kaka Dar". Wengi wameiweka gari dhamana ya mkopo, kadi iko kwa aliyemkopesha, wewe unalipa gari inakuja kuchukuliwa. Andikishianeni mkataba kwa wakili, nendeni TRA mbadilishe umiliki wiki hiyo hiyo. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa trafiki mtandaoni uone madeni ya faini kabla hujalipa, faini moja 30,000 lakini zikiwa ishirini ni laki sita na zinafuata gari.

Na kama anawaza kuagiza Japani mwenyewe, kwa milioni 13 kwa IST ya zile za zamani haitoshi vizuri. Gari yenye miaka zaidi ya 10 inaongezewa ushuru wa uchakavu asilimia 30 juu ya kodi zingine, halafu kuna kuitoa Dar mpaka huku, kilomita zaidi ya 1,100, mafuta na dereva. Kwa mahitaji yake ya mkononi iliyotunzwa ndo sawa.

mwl_usagara

Taili jamani mmezisahau. Pembeni ya taili kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, mfano 2319, maana yake wiki ya 23 mwaka 2019. Dada utakuwa unatembea mwendo wa 80 kila siku, usitembelee taili ya miaka tisa hata kama kashata zake zinaonekana nzima. Na taa za mbele kama zimefubaa za njano zisafishwe au zibadilishwe kabla ya kitu kingine chochote, kuanzia Nyashishi kwenda mbele jioni kuna ng'ombe, kuna baiskeli zimebeba mkaa bila hata kioo cha kuakisi, mimi nawaona karibu kila siku. Vijijini shuka 50, tochi ziko.

shemeji_mtetezi

Mimi nitatofautiana na fundi kidogo kwa heshima. Nina Premio ya 1800 hiyo hiyo ya 1ZZ, mwaka wa sita, Mwanza–Shinyanga mara mbili kwa wiki, haili oili. Siri ni kubadilisha oili kwa wakati tangu mwanzo. Na kukaa ndani yake kilomita 100 sio sawa na IST, mgongo utamwambia. Kazi yenyewe kama ni ya kusimama siku nzima akitoka hapo anahitaji kiti kizuri. Asiiondoe kabisa, akipata ya mtu mmoja aliyeitunza aichukue.

fundi_toyota_nyakato

Kaka sikupingi, ya kwako umeitunza tangu ikiwa nzima. Shida yake ni moja, yeye hatajua kama mwenyewe alibadilisha kwa wakati, na kula oili hakuonekani kwenye raundi ya dakika kumi. 1NZ nayo ikipuuzwa inakula, ila inasamehe zaidi. Kuhusu kiti nakubali kabisa, ndo maana nikataja NZT240, kiti ni kile kile na injini ni ile ndogo.

mama_wa_ngambo

Narudi kuwapa mrejesho, wiki mbili na nusu zimepita.

Nilikataa ile IST. Nikaangalia Premio ya 1500 moja Nyamhongolo, nzuri kwa macho, milioni 12, nikampeleka fundi wangu saa kumi na mbili asubuhi. Boneti ilikuwa ya moto. Mwenyewe akasema nimetoka kupeleka mtoto shule, ilikuwa Jumamosi. Tukangoja ipoe, fundi akaiwasha akashika bomba la chini, thamostati haimo, feni imeungwa moja kwa moja. Tukashukuru tukaondoka. Nilikuwa nimeipenda kweli, rangi yake na viti, na kama ningeenda peke yangu ningelipa.

Halafu mwenzangu kazini akanielekeza kwa mzee mmoja mwalimu mstaafu Buhongwa, ana IST NCP61 namba C, nyeusi, imekwaruzwa bampa ya nyuma na kapeti zimechoka. Odo inasoma 174,300. Nilivyoona hiyo namba nikataka kugeuka, lakini mzee akatoa daftari. Kila sevisi ameandika kwa kalamu, tarehe, kilomita, oili gani, nani amefanya, tangu ainunue. Bomba la chini likakaa baridi halafu likapata moto ghafla kama mlivyosema, nilifurahi nikamshika fundi mkono. Mlima wa nyumbani imepanda gia inabadilika bila kishindo. Kadi jina lake mwenyewe, TRA tumeenda naye siku hiyo hiyo. Nimelipa milioni 10 na laki 8.

Zile milioni 2.2 zilizobaki nimebadilisha oili na filta, oili ya gia, kulanti, plagi, taili mbili za mbele mpya, na taa zimesafishwa. Nimebakiwa na laki tisa na kitu sijazigusa.

Wiki ya kwanza nimetembea km 500, mafuta lita 37. Nabeba wenzangu wawili, tunakutana Buhongwa stendi saa kumi na moja na nusu, wanachangia. Chumba cha Sengerema nimeshakabidhi funguo. Jana nimefika nyumbani saa kumi na mbili na dakika kumi, bado kuna mwanga, mdogo alikuwa amekaa kwenye ngazi na daftari la hesabu.

Shemeji amekuja akaiendesha mpaka Usagara na kurudi, kasema sawa.

fundi_toyota_nyakato

Hongera sana mama. Km 500 kwa lita 37 ni kama 13 na nusu, na mko watatu, hiyo iko sawa kabisa. Daftari la mzee liendeleze usilianzishe jipya. Oili umebadilisha kwenye 174,300, sasa andika 179,300 kwenye karatasi ubandike karibu na spidi mita. Rejeta angalia kila Jumapili asubuhi ikiwa ya baridi. Breki padi hujazitaja, zimebaki kiasi gani?

mama_wa_ngambo

Fundi alisema zimebaki nusu. Karatasi nimeshabandika.

fundi_toyota_nyakato

Nusu kwa ruti yako na huo mlima wa kushuka kila alfajiri usingoje 179,300. Pita Jumamosi ya wiki ijayo nizipime.

mama_wa_ngambo

Nitapita asubuhi, kabla sijaenda sokoni na watoto.